Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: waskeita wetu wanaomba sakafu na daftari

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza,
Mkurugenzi wa Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela,
na Baraza la Michezo la Taifa.

Waheshimiwa,

Nilifundisha michezo shuleni kwa zaidi ya miaka 30. Nimepeleka vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mara nyingi, wengine wakikimbia kwa viatu vya kuazimana, na nilipostaafu nilidhani nimemaliza kazi ya kubisha hodi ofisini kwa ajili ya watoto wa watu. Nimerudi tena mlangoni, safari hii kwa ajili ya mchezo ambao wakati wangu haukuwa hata na jina katika Kiswahili: skeitibodi, yaani ule ubao wa magurudumu manne ambao kijana husimama juu yake, akausukuma kwa mguu mmoja, akaruka nao ngazi na kutua angali amesimama. Ninachoomba kwa niaba ya waskeita wetu ni vitu viwili, sakafu ya kuchezea na daftari, yaani kusajiliwa kama kilabu, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini kimoja bila kingine hakitafaa.

Vijana ninaowazungumzia hawafiki 30. Wanatoka Mabatini, Nyakato, Kirumba na Pasiansi, na wawili huja kwa daladala kutoka Igoma. Mbao walizo nazo ni chache kuliko wao, nyingi zikiwa za mtumba, hivyo huskeiti kwa zamu, na anayesubiri zamu ndiye mwamuzi wa aliye uwanjani. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 13, ndiye aliyenivuta kwenye jambo hili. Ubao wake umelika mkia kwa kuburuzwa kwenye lami hadi tabaka za mbao zinahesabika. Vijana hufanya mazoezi Jumapili asubuhi kwenye maegesho ya magari ya jengo moja la maduka kabla halijafunguliwa, na mlinzi akiwafukuza huhamia kwenye baraza la jengo ambalo halijakamilika, ambako kuna nondo zimechomoza. Mwaka jana walinzi wa doria walichukua mbao nne, zikarudi mbili. Sitaji ni walinzi wa nani, kwa sababu sikuja kushitaki. Mlinzi aliyepewa eneo la kulinda anafanya kazi yake, na kijana asiye na pa kuchezea ataingia tu kwenye eneo la mtu. Wote wawili wameachwa hapo na sisi wakubwa.

Kuna watu husema mchezo huu ni wa kuigwa kutoka kwenye simu, kwamba hauna asili kwetu. Waliokulia kwenye miteremko ya Igogo, Isamilo na Bugarika wanakumbuka vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi, tulivyoviunda kwa vipande vya masanduku na beringi zilizotupwa gereji, tukateremka navyo mpaka viatu, ambavyo ndivyo vilivyokuwa breki, vikatoboka. Skeitibodi ya leo ina beringi nane, mbili katika kila gurudumu, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 22, na fundi yeyote wa mtaa wetu wa Makoroboi akiishika ataitambua. Kilichobadilika ni gurudumu lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipatikana magurudumu ya poliyurethani, plastiki ngumu inayong'ang'ania sakafu bila kukwaruza kama chuma, na tangu hapo ubao ukaacha kuwa kitu cha kuteremkia kilima tu, ukawa kitu cha kurukia. Mji uliojengwa juu ya miamba na vilima kama huu wetu hauwezi kudai kwamba haujui hamu ya mtoto ya kuteleza.

Sasa niseme mchezo wenyewe ulipofika, maana nimegundua kwamba maofisa wengi ninaozungumza nao hufikiri ninaomba mahali pa watoto kujifurahisha. Skeitibodi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikarudi Paris mwaka 2024, na imo katika ratiba ya Los Angeles mwaka 2028. Huchezwa kwa mitindo miwili, wanaume na wanawake kila mtindo. Wa kwanza ni mtindo wa mtaani, ambao uwanja wake huigiza vitu vya mjini: ngazi, mabenchi, kingo za kuta na vyuma vya kushikia mikono. Wa pili ni mtindo wa bakuli, unaochezwa ndani ya mashimo ya zege yenye kuta zilizopinda. Mjini Paris kila mtindo ulikuwa na washindani 22 wa kila jinsia, na nchi moja haikuruhusiwa kuingiza zaidi ya watatu katika kila shindano. Katika mtindo wa mtaani mshindani alipewa mizunguko miwili ya sekunde 45, kisha miruko mitano ya mmoja mmoja. Ukachukuliwa mzunguko wake bora na miruko yake miwili bora, kila kimoja kikiwa na alama zisizozidi 100. Katika bakuli alipewa mizunguko mitatu ya sekunde 45, ukahesabiwa ule bora peke yake. Huo ni mchezo wenye kanuni, waamuzi na shirikisho la kimataifa, World Skate, lenye makao yake Lausanne nchini Uswisi, ambalo linasimamia pia mchezo wa viatu vya magurudumu.

Lililonishtua mimi kama mwalimu ni umri. Bingwa wa kwanza wa Olimpiki kwa wanawake katika mtindo wa mtaani, Momiji Nishiya wa Japani, alikuwa na miaka 13. Aliyempa changamoto hadi mwisho na kuchukua fedha, Rayssa Leal wa Brazil, naye alikuwa na miaka 13. Katika bakuli, medali ya fedha ilikwenda kwa Kokona Hiraki, mtoto wa miaka 12. Paris dhahabu zote mbili za wanawake zilichukuliwa na wasichana wa miaka 14, Coco Yoshizawa wa Japani na Arisa Trew wa Australia. Fikirini maana yake katika mfumo wetu: mtoto wetu anapofika kidato cha kwanza na kuanza kufikiriwa kwa UMISSETA, mwenzake wa Japani amekwisha kushuka jukwaani na medali shingoni. Kwa hiyo mchezo huu ukitakiwa uanze kwa dhati, uanze shule ya msingi, kwenye umri wa UMITASHUMTA. Lakini pia hauwafungii mlango wakubwa. Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini alishindana Tokyo akiwa na miaka 46, akarudi Paris akiwa na miaka 49, na kabla ya hapo alitumia miaka mingi kuwafundisha watoto wa vijijini KwaZulu-Natal. Sijui michezo mingi ambayo mjukuu na babu wanaweza kuingia katika mashindano yaleyale, ingawa babu huyu anayeandika hatajaribu.

Sikuja na ahadi ya medali. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Nyambui ni mtoto wa Majita, ng'ambo hii ya ziwa letu, na naamini hakuna aliyemwekea mpango wa miaka kumi alipokuwa anakimbia kule. Ila mbio hazihitaji sakafu. Mtoto mwenye miguu na njia ya vumbi anaweza kujikuza mwenyewe hadi siku mtu atakapomwona. Mskeita hawezi. Gurudumu lake lina kipenyo cha milimita 52 hivi, na kokoto ndogo kama punje ya maharage hulikamata likasimama papo hapo huku mwenye ubao akiendelea na safari yake hewani. Hiyo ndiyo sababu naanza na sakafu, na ndiyo sababu kijana wa Mwanza mwenye kipaji kikubwa kuliko wote atabaki pale alipo hata akijituma kwa kiwango gani, mpaka apewe mahali laini pa kusimama.

Wenzetu wa ziwa hilihili wametutangulia. Kule Kampala, katika mtaa wa Kitintale, si mbali na bandari ya Port Bell, vijana walimwaga zege kwa mikono yao miaka ya 2005 na 2006 wakajenga uwanja mdogo wa skeitibodi, wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki, na kutokana nao ukazaliwa umoja wa waskeita wa Uganda. Hawakusubiri jengo la fahari. Meli yetu ya mabehewa, MV Umoja, imekuwa ikipakia Mwanza na kushusha Port Bell kwa miongo kadhaa; tumepeleka na kuleta kila aina ya bidhaa kwenye bandari ile isipokuwa wazo hili. Nairobi wanao uwanja kwenye kituo cha watoto cha Shangilia, Kangemi. Addis Ababa walifungua wa kwao mwaka 2016, na Accra mwishoni mwa mwaka 2021. Mkiviangalia viwanja hivi mtaona havikuanza kwa agizo la wizara. Vilianza na kikundi cha vijana, fundi anayeelewa zege, na mwenye ardhi mmoja aliyekubali. Mwanza tunao vijana, na mafundi wa zege tunao wengi. Mwenye ardhi ni ninyi.

Nije kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo tulipokwama, na kisa chake ni kifupi. Mwaka juzi tuliandika barua kuomba kutumia kipande cha ardhi ya umma kilichokuwa kimekaa bure. Ofisi tuliyoiandikia, ambayo sitaitaja, ilijibu kwa adabu kwamba eneo la umma halitolewi kwa watu binafsi, bali kwa kilabu kilichosajiliwa. Tukaenda kuulizia usajili. Huko tukaulizwa uwanja wetu wa mazoezi uko wapi, maana kilabu cha michezo lazima kioneshe kinapochezea. Tukarudi kwa wa kwanza, wakaturudisha kwa wa pili. Ofisa mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, alitushauri tujisajili kama kilabu cha mbio ili mambo yaende, halafu tuskeiti. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, na kesho yake sikucheka tena.

Sheria iliyoliunda Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967, na busara yake ni kwamba mchezo wowote uwe na chama kinachotambulika, ili vijana wasidanganywe na kila anayejiita kiongozi. Sina ugomvi na busara hiyo. Ninachoomba ni kwamba maofisa michezo wa Nyamagana na Ilemela wapewe maelekezo ya wazi ya kupokea kilabu cha skeitibodi kwa jina lake, kwa barua ya muda ya kuruhusiwa eneo badala ya hati ya eneo, na kwamba jina la mchezo liandikwe katika orodha ya michezo ya wilaya. Hilo halina gharama zaidi ya wino. Bila jina hilo hakuna kocha atakayeombewa mafunzo, hakuna mzazi atakayetiwa moyo kusaini fomu ya ruhusa, na hakuna mshindani wetu atakayeingia kwenye viwango vya World Skate, kwa sababu njia ya kwenda huko hupitia chama cha nchi, na chama cha nchi kisicho na vilabu vya wilaya chini yake ni muhuri tu. Vijana wa Afrika wana nafasi ya karibu kuliko zote waliyowahi kupata: Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa kufanyika kati ya tarehe 31 Oktoba na 13 Novemba 2026, ya kwanza katika bara letu, ina skeitibodi ya mtaani miongoni mwa mashindano yake. Wetu wameikosa hiyo. Nasema hivyo bila kulaumu, ili tujue saa imefika ngapi.

Kuhusu sakafu nitaingia ndani kidogo, kwa kuwa nimeona viwanja vingi vikijengwa na watu ambao hawatavitumia, na hofu yangu kubwa si kunyimwa bali kupewa kitu kisichofaa kisha tukaambiwa tumekwisha kupewa. Tafadhali msitutandikie pevingi. Najua halmashauri zetu zinaipenda, na kwa watembea kwa miguu ni nzuri, lakini kila kiungo cha pevingi ni shimo kwa gurudumu la milimita 52. Lami ya kawaida inakwaruza mno, humla mtu ngozi anapoanguka. Niru ya kawaida, ile tunayopiga sebuleni, huwa tabaka jembamba juu ya zege, na baada ya misimu miwili ya mvua hubanduka vipande vipande. Kinachotakiwa ni zege lenyewe kusuguliwa kwa mashine lingali bichi mpaka likawa laini, likamwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba ili lisipasuke, na mikato ya kudhibiti nyufa ikatwe kwa msumeno ikiwa myembamba, si kuachiwa nafasi ya ubao wa boksi. Sakafu iinamishwe sentimita moja hivi kwa kila mita, ili mvua za vuli na za masika zikimbie zenyewe bila kuacha madimbwi, kwa sababu maji ndiyo adui wa beringi.

Hesabu yake si ya kutisha. Sakafu ya urefu wa mita 30 na upana wa mita 20, yenye unene wa sentimita 12, ni mita za ujazo 72 za zege; kwa makadirio ya mifuko saba ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko kama 500 ya saruji, pamoja na mchanga, kokoto na wavu wa chuma. Kokoto zetu zinagongwa hapahapa vilimani, na wanaozigonga wengi ni akina mama ambao wangefurahi kupata oda ya namna hiyo. Juu ya sakafu hiyo vinahitajika vitu vichache: benchi mbili za zege zenye kingo za chuma, ngazi ya hatua tatu na nyingine ya hatua tano yenye chuma katikati, na rampu mbili zilizopinda, moja kila mwisho, ili mskeita apate mwendo wa kurudi. Huo ni mtindo wa mtaani. Bakuli lisubiri. Bakuli linahitaji fundi aliyewahi kulijenga, na likikosewa mpindo haliwezi kurekebishwa ila kwa kuvunjwa, kwa hiyo nawasihi mtu yeyote asije na mchoro wa bakuli kubwa kwa ajili ya picha za ufunguzi.

Mahali pa kuiweka nawaachia ninyi, ila nina mambo mawili. La kwanza, isiwe ufukweni. Najua picha ya vijana wakiruka na Jiwe la Bismarck nyuma yao ingependeza watalii, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata bila sheria, sote tuliona maji ya ziwa yalivyopanda mwaka 2020 na tena mwaka 2024, yakaingia mahali ambapo watu waliapa hayatafika. La pili, isifichwe. Kiwanja cha vijana kikiwekwa nyuma ya ghala hugeuka kijiwe cha mambo mengine, halafu mchezo ndio husingiziwa. Iwe mahali daladala zinapopita na mama anayeuza vitafunwa anaweza kuona, mfano jirani na viwanja vya Furahisha au kando ya Uwanja wa Nyamagana, ambako watu wamezoea kwenda kutazama michezo. Mtazamaji ni mlinzi bora kuliko uzio.

Taa ziwepo. Kwetu jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na mwanafunzi anayetoka shuleni saa kumi, akafika nyumbani, akachota maji na kumaliza kazi alizopewa, anabakiwa na dakika chache tu za mwanga. Kila mkazi wa Mwanza anajua kwamba taa iliyo karibu na ziwa huita mawingu ya vidudu, na huenda baadhi ya jioni zikaharibika kwa sababu hiyo. Ni sababu nyingine ya kukaa mbali na maji. Zaidi ya hapo, naomba saa maalumu za wasichana, angalau siku mbili kwa wiki, wakati wa mwanga, mwangalizi akiwa mwanamke. Kundi letu lina wasichana wanne, na wangekuwa wengi zaidi kama wazazi wao wangejua nani yupo pale. Mradi wa Skateistan, ulioanzia Kabul mwaka 2007 ukiunganisha skeitibodi na masomo ya darasani, uliwapata wasichana katika mazingira magumu kuliko yetu kwa sababu uliwapa siku zao na walimu wao. Mzazi wa Mwanza hana haja ya kushawishiwa zaidi ya huyo wa Kabul.

Mtaniuliza juu ya kuumia. Watoto wataanguka, na wanaoanguka wakitanguliza mikono huvunjika kifundo cha mkono kabla ya kingine chochote. Ndiyo maana somo la kwanza la skeitibodi ni kuanguka: kukunja mwili, kubingirika, kuuachia ubao uende zake. Kofia ngumu iwe sharti kwa kila aliye chini ya miaka 18, kama ilivyo kwenye mashindano makubwa, na asiye nayo akae pembeni awe mwamuzi. Lakini nawaomba mlinganishe sawasawa. Kijana anayeanguka kwenye sakafu iliyojengwa kwa kazi hiyo anaumia kidogo kuliko yule anayeshikilia nyuma ya daladala kwenye barabara ya Nyerere, au anayekimbizwa na mlinzi huku akitazama nyuma.

Fedha mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana. Mkopo haufai kujenga sakafu, kwa kuwa sakafu haileti rejesho. Unafaa kumfungulia fundi seremala kijana karakana ya mbao za skeitibodi. Ubao mzuri ni tabaka saba nyembamba zilizogundishwa zikakandamizwa kwenye umbo lililopinda. Ng'ambo hutumia mti wa mepo, sisi tungelazimika kujaribu miti yetu mpaka tuupate ule usio mzito na usiovunjika. Juu yake hubandikwa karatasi ya msasa, na msasa tunao. Magurudumu na ekseli yataagizwa, hilo haliepukiki, lakini ubao ndio unaoisha kila baada ya miezi michache, na ndio unaoweza kutengenezwa hapa. Sakafu yenyewe iingizwe katika bajeti ya halmashauri kama kiwanja kingine chochote. Jiji linamiliki timu ya mpira, Pamba Jiji, na lilishangilia pamoja nasi iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024. Hakuna aliyesema pesa ile ilipotea.

Mashindano yenyewe yanahitaji kitu kimoja ambacho si zege wala saruji, nacho ni waamuzi. Skeitibodi haina goli wala utepe wa kukata. Mwamuzi hutazama ugumu wa mruko, usafi wa kutua, mwendo, matumizi ya uwanja mzima, na kama mshindani amerudia aliyokwisha kuyafanya, kisha hutoa alama moja. Kazi hiyo hufundishika, na mwalimu wa michezo yeyote mwenye jicho la sarakasi anaweza kuanza. Ningependa kuona walimu sita, watatu Nyamagana na watatu Ilemela, wakipewa mafunzo ya siku chache na waskeita wa Kampala au Nairobi, ambao wamekuwa wakiandaa mashindano yao wenyewe. Mwaka unaofuata lifanyike shindano la wilaya, ndani ya wiki ya UMITASHUMTA, kama mchezo wa maonesho. Likienda vizuri, tuwaalike Kampala na Kisumu, tuwe na shindano la ziwa: miji mitatu, maji mamoja, kila mwaka mji mmoja ukiwa mwenyeji. Mwanza inaweza kuwa mwenyeji wa kwanza, kwa sharti kwamba wageni watakuta mahali pa kuskeiti. Nisingependa kuwapeleka kwenye maegesho ya yule mlinzi.

Kwa hiyo naomba barua hii ijibiwe kwa maandishi katika mambo mawili: kilabu chetu kitapokelewa na ofisi ipi, na kipande kipi cha ardhi, hata kiwe kidogo, kitapimwa kabla ya bajeti ijayo kuandikwa. Mkitaka kutuona kabla ya kujibu, tupo kila Jumapili kuanzia saa moja asubuhi mpaka mlinzi atakapoamka. Mjukuu wangu ameahidi kuwafundisha wageni jinsi ya kuanguka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo mstaafu,
Nyamagana, Mwanza